Kamera Yangu ya Kwanza

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia shuleni, sikilizeni yaliyonipata. Nilinunua hapa Kampala kamera ya dijitali ya bei rahisi. Jioni ile ile nikampiga Bibi picha kumi, sebuleni kwetu Mengo. Zote zikatoka ukungu mtupu! Naye kesho yake alikuwa arudi Masaka, na tangu ujana wake hakuwa na picha hata moja.

Sababu ni hii. Kamera ya dijitali, tangu ile aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, haina filamu. Nuru hupokewa na kipande kidogo ndani yake. Katika kamera rahisi kipande hicho ni kidogo mno. Nuru ikiwa haba, kamera hukipa muda mrefu zaidi wa kuipokea, na mkono ukitikisika wakati huo, picha huharibika.

Basi asubuhi nikamketisha Bibi mlangoni, uso ukielekea nje. Nikaegemeza viwiko mezani, nikabonyeza kitufe nusu ili kamera ipime umbali, nikatulia, kisha nikakimalizia. Picha ikatoka safi. Bibi akaitazama sana, akasema, "Mjukuu wangu, kumbe nimefanana na mama!"

Ndugu zangu, msiilaumu kamera upesi. Tafuteni nuru kwanza.