Bomba la Dawa Huharibika Likiwa Limepumzika

Msimu wa kupulizia dawa ukifika, tunasikia maneno haya kila kijiji: "Bwana we, bomba hili si lilikuwa zima mwaka jana? Limekuwaje tena?" Mtu anapampu mpaka jasho linamtoka, lakini upepo haukai. Au dawa inavuja kwenye mfuniko na kumchuruzikia mgongoni. Wadudu nao hawangoji fundi. Wanaendelea kula.

Ndugu wasomaji, mara nyingi bomba hilo halikuharibikia shambani. Liliharibika likiwa limewekwa nyuma ya mlango. Leo tueleze sababu, na namna ya kulitunza kati ya msimu mmoja na mwingine.

UPEPO NDIO NGUVU YAKE

Ukipampu, unasukuma hewa ndani ya tangi. Hewa hiyo inabanwa, nayo inatafuta pa kutokea. Ndiyo inayosukuma dawa ipite kwenye mpira hadi kwenye nozeli. Hata bunduki ya upepo, ile ya michezo ya kulenga shabaha, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Hewa iliyobanwa ndiyo inayorusha risasi yake ndogo. Kwa hiyo tangi halijazwi mpaka juu. Tunaishia robo tatu. Nafasi inayobaki ni ya upepo.

Bomba la mgongoni lenye mkono wa pembeni hubana upepo katika chumba kidogo tu, lakini utunzaji wake ni ule ule.

Vinavyozuia upepo usitoroke ni vitu vidogo: mpira wa mfuniko, washa, na kile kikombe cha ngozi au cha mpira kwenye pampu. Wenye baiskeli wanakijua, maana pampu ya baiskeli inacho pia. Ngozi ikikauka husinyaa. Mpira ukikaa na dawa hulegea au hupasuka. Washa moja ya bei ndogo ikifa, bomba zima limekufa.

DAWA ILIYOBAKI HAILALI

Dawa iliyobaki ndani inaendelea na kazi. Mrututu, ambao ni dawa ya shaba, hula chuma. Dawa ya unga huganda na kuziba tundu la nozeli. Lakini dawa ya magugu ndiyo yenye hasara kubwa zaidi.

Sisi yalitupata. Tuliazima bomba kwa jirani ili tupulizie pamba. Tukauliza, "Limeoshwa?" Akajibu, "Limeoshwa, ndugu zangu." Kumbe lilisuuzwa mara moja tu, na kabla ya hapo lilikuwa na dawa iitwayo 2,4-D. Dawa hiyo huua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi. Pamba nayo ina majani mapana, tena haistahimili hata masalio yake. Baada ya siku chache majani yalijikunja na kuchongoka. Mistari ile hatukuvuna kitu.

Tangu hapo bomba la dawa ya magugu tumelitenga. Tumelipaka alama ya rangi nyekundu.

NAMNA YA KULIWEKA

Vaa glovu na viatu vya mpira. Kisha fuata hatua hizi:

1. Toa upepo wote kwanza. Ukifungua mfuniko upepo ungali ndani, dawa itakurukia usoni.

2. Suuza mara tatu kwa maji safi, kidogo kidogo. Kila mara tikisa, pampu, na uyapulizie yatokee kwenye nozeli. Yamwage katika shamba lile lile ulilopulizia. Usiyamwage mtoni, kisimani wala mahali ng'ombe wanapokunywa.

3. Fungua nozeli na vichujio. Osha kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo. Usichokonoe kwa waya, tundu litapanuka. Usipulize kwa mdomo, utameza sumu.

4. Ikiwa kikombe cha pampu ni cha ngozi, kipake mafuta kidogo kiwe laini. Usisafishe mipira kwa petroli wala mafuta ya taa. Huifanya ivimbe.

5. Litundike kichwa chini, mfuniko ukiwa wazi, mpaka likauke. Usilianike juani, maana jua hupasua mpira. Mpira mrefu usikunjwe.

6. Liweke mahali penye kufuli, mbali na chakula na watoto. Angalia na panya, hutafuna mipira. Chini ya kitanda si mahali pake.

WIKI MBILI KABLA YA MSIMU

Tia maji matupu, pampu, kisha angalia kila kiungo. Ukiona hata tone moja, badilisha washa sasa, wakati dukani hakuna msongamano. Usifunge kitambaa ukasema "litafika tu." Dawa inayochuruzika mwilini hupenya kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Kuvuja kwa bomba si hasara ya dawa tu, ni hatari kwa mwenye kulibeba.

Mwisho, pima nozeli. Kinga maji yanayotoka kwa dakika moja. Tuseme ilipokuwa mpya ilitoa mililita 600. Ikitoa zaidi ya 660, yaani imezidi kwa sehemu moja ya kumi, imelika. Nunua nyingine, maana hiyo inakumalizia dawa bure.

Utajuaje ilitoa kiasi gani ilipokuwa mpya? Hapo ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Chukua daftari. Andika siku uliyoosha bomba, washa uliyobadilisha, na kiasi cha maji ya nozeli. Jirani akija kuazima, msomee ulichoandika. Na akilirudisha, mwulize alitia dawa gani, uandike hiyo pia.