Unaprinti kava za DVD nyumbani? Anza na karatasi, siyo printa

Harusi imeisha Jumamosi. Mpiga video amemaliza kuhariri, diski zimechomwa, makasha meusi yamenunuliwa, na ndugu wa pande zote mbili wanauliza DVD zao ziko wapi. Picha ya kava imetengenezwa ikapendeza kwenye kompyuta.

Halafu inaprintiwa kwenye karatasi ya fotokopi, inaingizwa kwenye kasha, na bibi harusi aliyevaa shela jeupe anaonekana kavaa kijivu.

Kama unafanya kazi hii ukiwa Rugu, Kayanga, Nkwenda au popote pale Karagwe na Kyerwa, jambo la kwanza utakalofanya ni kuilaumu printa. Utabadilisha wino, utasafisha hedi, utaongeza mwanga wa picha. Mara nyingi printa haina kosa lolote.

Kuna watakaosema DVD zimepitwa na wakati. Sawa, flashi zipo na WhatsApp ipo. Lakini video ya send-off na harusi ya saa tatu huitumi kwa bando la kawaida, na bibi kule nyumbani bado ana deki yake inayofanya kazi. Diski inakaa kabatini pamoja na albamu ya picha. Kwaya nazo huuza baada ya ibada, na mnunuzi anaona kava kabla hajasikia wimbo hata mmoja.

Kwa nini nyeupe inageuka kijivu

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inapitisha mwanga. Ukiiweka juu ya meza nyeupe huoni shida. Ukiiweka juu ya plastiki nyeusi ya kasha, ule weusi unajitokeza kwa chini na kufifisha rangi zote.

Jaribu sasa hivi: chukua karatasi tupu, ichomeke kwenye kasha jeusi bila kuprinti chochote, kisha ilinganishe na karatasi iliyobaki kwenye rimu. Utaona mwenyewe.

Kwa hiyo unahitaji karatasi nzito zaidi. Gramu zinazoandikwa kwenye pakiti ni uzito wa karatasi hiyo yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. A4 moja ni sehemu ya 16 ya mita hiyo, kwa hiyo A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu.

Hesabu hiyo ina faida dukani. Ukiwa na wasiwasi na rimu iliyoandikwa 80, iweke kwenye mzani wa maharage. Ikisoma kama kilo 2.2 tu, umeuziwa karatasi ya gramu 70. Pakiti ya karatasi 20 za gramu 200 inatakiwa kuwa na robo kilo bila kifungashio. Mzani upo kila duka, ila sijawahi kuona mtu anapima karatasi!

Gramu ngapi basi?

Kwa kava ya DVD, tafuta kati ya 120 na 160. Hapo weusi haujitokezi, na karatasi bado inakunjika vizuri kwenye mgongo wa kasha.

Wengi wakisikia "nzito" wanarukia karatasi ya picha ya gramu 230 au 260. Usifanye hivyo. Mgongo unavimba, plastiki ya nje inavutika, na kasha linajifungua lenyewe mezani kama mdomo wa samaki.

Kasha la CD ni habari nyingine. Kava ya mbele ya sentimita 12 kwa 12 inateleza chini ya vijino vya plastiki na haikunjwi, kwa hiyo hata gramu 200 inakaa. Ile ya nyuma ina migongo miwili inayokunjwa na inakandamizwa na kile kitako kinachoshika diski. Hapo 120 inatosha. Ukizidisha, kitako hakibani, na ukikilazimisha unakivunja.

Printa yako ni ya wino au ya tona?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake likikosewa, hasara haiishii kwenye karatasi.

Karatasi ya picha ya printa za wino imepakwa tabaka maalumu la kunyonya wino. Printa ya tona, yaani ya leza, haitumii wino wa maji. Inayeyusha unga kwa roli lenye joto linalokaribia nyuzi 200. Ukiipitisha karatasi ya picha ya wino humo, lile tabaka linaweza kuyeyuka na kuganda kwenye roli. Fundi atakwambia roli libadilishwe, na bei ya roli inaweza kumeza faida ya harusi kadhaa.

Kinyume chake hakiharibu mashine ila kinaharibu kazi. Karatasi inayong'aa iliyotengenezwa kwa leza hainywi wino wa maji. Wino unakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, na kidole kikigusa, sura ya bwana harusi inahamia kwenye kidole.

Kama karatasi umekuta zimetolewa kwenye pakiti yake na hujui upande wa kuprinti, lowanisha ncha ya kidole kidogo uguse kona. Upande unaonata ndio uliopakwa tabaka la wino. Pande zote mbili zikiwa hazinati, waulize waliokuuzia kabla ya kuendelea.

Inayong'aa au isiyong'aa?

Hapa nitasema wazi: kwa kava ya DVD, karatasi inayong'aa ni kupoteza hela. Kasha tayari lina plastiki ya nje inayong'aa. Mteja haoni mng'ao wa karatasi, anaona wa plastiki.

Tena inaleta balaa. Miaka kadhaa iliyopita niliprinti kava za harusi ya binamu yangu kwenye karatasi ya Glossy usiku wa manane, umeme ukiwa umerudi kwa kuchelewa. Nikazichomeka zikiwa na unyevu kwa sababu gari la asubuhi lilikuwa linasubiri mzigo. Mama mkwe alipotoa kava aione vizuri, nusu ya uso wa bibi harusi ulibaki kwenye plastiki. Nilirudia zote kwa gharama yangu, na binamu yangu bado ananikumbusha kila tukikutana.

Karatasi isiyong'aa, ile ya wino iliyoandikwa Matte kwenye pakiti, hainati hivyo na rangi zake zinatoka vizuri. Kama umeipata ya gramu 120 hadi 140, usitafute nyingine. Hata hivyo iache ikauke saa kadhaa. Kama ni inayong'aa, iache siku nzima, zikiwa zimetandazwa moja moja, siyo kurundikwa.

Kipindi cha mvua ongeza muda. Karatasi inanyonya unyevu wa hewani, inajikunja pembeni na kukwama kwenye printa. Ukishafungua pakiti, rudisha zilizobaki kwenye mfuko wa nailoni uufunge, na usiziache kwenye sakafu ya saruji.

Mgongo unaopasuka

Umewahi kukunja kava ukaona mstari mweupe wa rangi iliyopasuka pale kwenye mgongo? Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, kama mbao. Kwenye A4 nyingi nyuzi zinafuata urefu. Kava ya DVD inaprintiwa A4 ikiwa imelala, kwa hiyo mikunjo ya mgongo inakata nyuzi badala ya kuzifuata. Kadiri karatasi inavyokuwa nzito, ndivyo inavyopasuka zaidi.

Dawa yake ni kalamu ya biki iliyokwisha wino. Weka rula kwenye mstari wa mgongo, pitisha ncha ya biki ukikandamiza kiasi, kisha kunja taratibu. Mkunjo utanyooka na rangi haitapasuka. Vijana wengine hukunja kwa kucha, na kazi inaonekana ni ya kucha.

Vipimo

Kava ya kasha la kawaida la DVD ina upana wa milimita 273 na kimo cha 183, ndani yake mgongo ukiwa 14. A4 ni 297 kwa 210, kwa hiyo inaenea. Kasha jembamba lina mgongo mdogo, pima lako kwa rula kwanza. Kava ya nyuma ya CD ni 151 kwa 118 pamoja na migongo yake.

Wakati wa kuprinti, hakikisha kompyuta imewekwa A4, siyo Letter, na ukubwa ni asilimia 100. Ukiacha ile "Fit to page", picha inaweza kupunguzwa au kukuzwa bila wewe kujua, na mgongo unahama. Pia badilisha aina ya karatasi kwenye mipangilio ya printa. Ukiacha Plain huku umeweka karatasi nzito ya Matte, printa itapima wino kwa ajili ya karatasi nyingine kabisa, na rangi zitatoka zimepauka.

Printi moja kwanza. Ikate, ikunje, ichomeke, ifunge kasha. Ndipo uendelee na zilizobaki.

Kama ni kazi ya kwaya au filamu ya kuuzwa, kuna jambo moja zaidi kabla hujafunga muundo. Mwaka 2013 kazi za muziki na filamu zilianza kubandikwa stempu za kodi za TRA. Uliza ofisi yao utaratibu wa sasa mapema, na usiweke maandishi muhimu kwenye kona ambayo stempu inaweza kuyafunika.

Na siku ukienda Kayanga, Omurushaka au Bukoba kununua karatasi, beba kasha moja jeusi tupu kwenye mfuko. Omba karatasi moja ya mfano, ichomeke hapohapo kaunta, ufunge kasha na utazame lile eneo jeupe.