Wati 75 za Kompyuta ya Gemu

Kijana anayetafuta kompyuta yake ya kwanza ya gemu huingia dukani na swali moja: i5 au i7? Muuzaji atajibu i7, kwa kuwa ndiyo ghali. Kijana atalipa, atafika nyumbani, atafungua EA Sports FC, na mpira utakwenda kwa kukatika-katika. Prosesa haina kosa hapo. Gemu ya kisasa huchorwa na kadi ya grafiki, na kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Grafiki zilizo nazo ni zile ndogo zilizomo ndani ya prosesa yenyewe, zinazotosha kuandikia barua na kutazamia filamu.

Hata hivyo, kwa mwenye pesa kidogo, kompyuta hizo hizo za ofisini ndizo mwanzo bora. Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyomaliza utumishi wake benki huko Ulaya huja na prosesa, mazabodi, RAM, kasha na pawasaplai, vyote vikiwa vimejaribiwa na miaka. Bei yake mara nyingi haifiki ile ya prosesa na mazabodi mpya peke yake. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki tu, na ununuzi wa kadi hiyo ni hesabu ya umeme kabla ya kuwa hesabu ya pesa.

Tundu refu la kadi kwenye mazabodi, PCI Express x16, hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji kuzidi hapo lazima ivutiwe waya wake, wa pini sita au nane, kutoka kwenye pawasaplai. Pawasaplai nyingi za ofisini hazina waya huo. OptiPlex 7050 yenye kasha jembamba ina pawasaplai ya wati 180. Ile ya kasha kubwa ina 240. Ondoa wati 65 zilizokadiriwa kwa prosesa ya kawaida ya i5, ondoa za diski na feni, kisha jaribu kuingiza Radeon RX 580 inayokula wati 185. Haiwezekani.

Wapo mafundi watakaoshauri kubadili pawasaplai. Inafanyika, ila si kazi ya dakika tano: Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe kwenye mazabodi, badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo hutafutwa waya wa kuunganishia, na kwenye kasha jembamba, pawasaplai ya kawaida haiingii kabisa.

Ndiyo maana orodha ya kadi zinazofaa ni fupi. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019 zote zina kumbukumbu ya GB 4 na hukaa ndani ya wati 75, ingawa baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la waya wa ziada na yanapaswa kuepukwa. RTX 3050 yenye GB 6, iliyotoka 2024, inatumia wati 70 na ndiyo bora ya kundi hili. Zote zina matoleo mafupi kwa makasha membamba. Kati ya zile mbili za zamani, 1650 inastahili kuongezewa pesa: mwezi Oktoba 2025 NVIDIA iliacha kuitolea 1050 Ti programu endeshi za gemu mpya, ikaiachia masasisho ya usalama tu.

Radeon RX 6400 huonekana rahisi kwenye karatasi, wati 53 tu. Tatizo ni kwamba inazungumza na mazabodi kupitia njia nne badala ya kumi na sita. Kwenye mazabodi mpya haidhuru sana. Kwenye kompyuta ya 2017, ambako kila njia ina nusu ya kasi, gemu nzito huanza kugugumia. Isitoshe, haina sehemu ya kurekodi video, jambo la kumkera kijana anayeota kuwa na chaneli yake YouTube.

Kadi za GB 4 zinamudu Grand Theft Auto V, Valorant na Counter-Strike 2. EA Sports FC 24 iliitaja 1050 Ti kuwa kiwango chake cha chini kabisa. Lakini Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haitafunguka kwenye kadi yoyote ya GTX, hata ikipunguzwa ubora wa picha namna gani, kwa sababu inadai uwezo wa kufuatilia miali ya mwanga ambao kadi hizo hazina.

Soko la kadi zilizotumika lina ujanja wake. Kuna GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama 1050 Ti. Kuna RX 580 yenye maandishi 2048SP, ambayo kwa uwezo ni RX 570. Zipo pia kadi zilizochimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022, uchimbaji wa aina hiyo ulipokoma. Programu ya bure ya GPU-Z huibandika kadi ya kughushi neno FAKE ikiitambua; iendeshwe mbele ya muuzaji, kisha gemu nzito ichezwe nusu saa huku feni zikisikilizwa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Baada ya kadi, RAM. GB 16 katika vipande viwili vya GB 8 hushinda kipande kimoja cha 16, maana prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Bei ya RAM ilipanda vikali mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye kompyuta za akili bandia, hivyo kasha lenye vipande hivyo tayari lina thamani zaidi kuliko linavyoonekana. Diski iwe SSD. Hakuna mjadala hapo.

Anayetaka vipuri vipya anaweza kuanza na Ryzen 5 5600G, ambayo grafiki zake za ndani huchezesha gemu nyepesi bila kadi, akanunua kadi baadaye. Ajihadhari na prosesa za Intel zenye herufi F, kama i3-12100F: hazina grafiki za ndani, na bila kadi skrini itabaki nyeusi. Pawasaplai isiyo na jina inayotolewa bure pamoja na kasha iachwe dukani, hasa kwenye mitaa ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Likibaki swali la OptiPlex ipi, jibu ni 7060 badala ya 7050. i5-8500 ya 7060 ina koa (vitengo vya kuchakata) sita, i5-7500 ya 7050 ina nne. Zaidi ya hapo, Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ilisitishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.