Je, Wajua? Ukitupa Sumu, Huenda Wapi?

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Victoria huondoka zaidi kwa kupaa angani kuliko kwa kutiririka? Takribani asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huchukuliwa tena na jua. Kinachotoka Jinja kwa Mto Nile ni sehemu ndogo. Lakini jua huchukua maji matupu. Mbolea iliyosombwa shambani na uchafu mwingi wa viwandani hubaki nyuma. Kwa hiyo anayekwambia ziwa ni kubwa na litajisafisha lenyewe, muulize litajisafisha kwa mlango upi.

Je, wajua kuna ndege waliouawa na maji yaliyokuwa karibu safi? Clear Lake, jimbo la California, Marekani, ilipuliziwa dawa ya wadudu ya DDD, nduguye DDT, mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuua visubi waliowakera wageni wa mapumziko. Kipimo kilikuwa kidogo mno, kisichozidi sehemu 0.02 katika milioni ya maji. Kisha ndege wa majini waitwao vibisi wakaanza kufa. Mafuta ya miili yao yalipopimwa, yalikutwa na sehemu 1,600 katika milioni, yaani mara 80,000 ya ile iliyotiwa ziwani. Dawa ya aina hii haiyeyuki majini, huyeyuka kwenye mafuta, na mwili hauitoi kirahisi kwa mkojo. Vijidudu waliinyonya, samaki wadogo wakala vijidudu, wakubwa wakala wadogo, na kibisi akala wote. Mwandishi Rachel Carson alikisimulia kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring.

Je, wajua DDT ilikwishafika kwa pengwini wa Antaktika? Iliripotiwa mwaka 1966. Huko hakuna shamba hata moja.

Inafikaje? Kwenye joto, sumu za jamii hii hupaa kama mvuke. Zikikuta baridi hutua. Jua likiwaka tena, hupaa. Zinaruka hivyo kama panzi mpaka zifike kwenye barafu, na huko hazina pa kwenda tena. Miaka ya 1980, watafiti nchini Kanada walichukua maziwa ya akina mama wa Kiinuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, wakitarajia kupata sampuli safi za kulinganishia na zile za mjini. Walikuta PCB karibu mara tano ya ile ya akina mama wa kusini mwa Quebec. Chakula chao ni wanyama wa baharini wenye mafuta mengi, nao hawakuwa na kiwanda chochote cha PCB. Na PCB ni nini? Ndiyo kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye transfoma za zamani. Mitaani husemekana mafuta yanayoibwa kwenye transfoma huishia kwenye makarai ya chipsi. Kama ni kweli, basi kuna watu wamefupisha safari ya maelfu ya kilomita ikawa hatua chache.

Je, wajua uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaomwaga zebaki nyingi zaidi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu duniani? Nenda kwenye mwalo wa kuchenjulia kule Geita uone. Mawe yaliyosagwa na karasha huoshwa, na mchanga mzito uliobaki humiminiwa zebaki kwenye beseni na kufinyangwa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushika dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, likawekwa motoni, na rangi ya fedha ikageuka kuwa njano. Ile zebaki haikuungua. Imepanda kama mvuke usio na harufu. Nyingine imeingia kwenye mapafu ya mchomaji na ya mtoto aliyesimama pembeni, nyingine itazunguka angani kwa miezi kabla ya kushuka na mvua.

Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hapo ndipo huanza kupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Hiyo haikai kwenye mafuta, inakaa kwenye nyama yenyewe, kwa hiyo kuitoa kwa kukaanga au kuchemsha ni kazi bure. Kule Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki ghubani, paka walianza kuyumba na kufa kabla ugonjwa haujatambuliwa rasmi kwa watu mwaka 1956. Kiwanda hakikuacha mpaka 1968.

Je, wajua mifupa hudhani madini ya risasi ni kalsiamu? Risasi hupungua kwenye damu ndani ya wiki kadhaa, lakini hukaa mifupani miongo. Mwanamke akipata mimba, mifupa ikitoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi aliyoivuta akiwa msichana hutoka nayo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua kwa uchungu: waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano yao alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikabatilishwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kesi hukatiwa rufaa. Risasi haina rufaa.

Tukirudi kwenye zebaki: mama mjamzito anayesoma safu hii asiache samaki, ni chakula bora. Ila papa na nduwaro, wanaoishi miaka mingi wakila wenzao, awape nafasi ya mwisho. Dagaa na vibua wana zebaki kidogo kuliko hao, na bei yao nafuu.