Muheza: Mpira Usiwe wa Wateule

Kila mwaka mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA) huchuja wachezaji kuanzia shuleni hadi timu ya mkoa, na mtoto wa Muheza, mkoani Tanga, asiyechaguliwa hubaki mshangiliaji. Wapo wanaosema bila mchujo hatupati vipaji. Ni kweli, lakini unachuja nini kama wengi hawajacheza? Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania, waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India; wasichana wakipewa nafasi, wanaweza. Hoja ya fedha za vifaa ina uzito, ila isikuzwe. Chandimu, soka ya mtaani, huchezwa kwa mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba, na mchezo wa rede wahitaji warushaji wawili na mkwepaji katikati. Kinachokosekana hasa ni muda: msichana akitoka shule anakutana na ndoo na jiko, kaka yake anakwenda uwanjani. Basi kipindi cha michezo kisimezwe na masomo ya ziada, na kamati za shule zilinde viwanja visigeuzwe mashamba ya michungwa.