Sindano ya Seftriaksoni: Tuijue, Tuitunze



Katika vikundi watu hutuuliza: "Ile sindano ya unga unaochanganywa na maji, mbona hospitalini wanampa mgonjwa mahututi, na huku nje wengine wanadungwa hata kwa mafua?" Swali ni zuri. Tulijibu pamoja.

Dawa hiyo ni seftriaksoni, ya ukoo wa sefalosporini, ambao ni ndugu wa penisilini. Ukoo huu ulitoka kwenye kuvu. Mwaka wa 1945, katika mji wa Cagliari huko Italia, Profesa Giuseppe Brotzu alichunguza maji ya bahari pale mtaro wa maji machafu ulipomwagikia. Akapata kuvu inayoua bakteria, hata wale wa homa ya matumbo. Wataalamu wa Oxford, Uingereza, waliiendeleza kazi hiyo. Seftriaksoni yenyewe ilianza kutumika miaka ya 1980.

INAFANYAJE KAZI?

Fikirieni nyumba ya udongo. Nguvu yake ni fito zilizofungwa vizuri. Bakteria naye ana ukuta wa namna hiyo, na kila anapokua na kuzaana lazima mafundi wake wafunge fito mpya. Seftriaksoni huwashika mafundi hao mikono. Fito hazifungwi, ukuta unalegea, maji yanaingia, na bakteria anapasuka. Mwili wetu hauna ukuta kama huo, kwa hiyo dawa humpiga adui na kutuacha sisi. Lakini virusi vya mafua na vijidudu vya malaria pia havina ukuta huo! Basi kudungwa kwa ajili ya mafua ni kutupa pesa.

KWA NINI WAGONJWA MAHUTUTI?

Chukueni homa ya uti wa mgongo. Bakteria hushambulia utando unaofunika ubongo. Mtu anaweza kufa kwa siku moja au mbili, au akapona lakini akabaki kiziwi. Dawa nyingi hazifiki huko vizuri. Seftriaksoni hufika, na hukaa mwilini muda mrefu, hata sindano moja au mbili kwa siku hutosha. Haimezwi, maana tumbo haliipokei. Hutumika pia kwa nimonia kali na sumu ya bakteria katika damu.

Mkimwona mtu ana homa kali, kichwa kinamuuma sana, shingo imekakamaa, anatapika, anaogopa mwanga au amechanganyikiwa, msingoje asubuhi. Mtoto mchanga huenda akakataa kunyonya, akalegea, akapata degedege au utosi ukavimba. Mpelekeni hospitali mara moja.

Daktari akitaka kutoa maji ya mgongoni, msikatae. Wengi wanaogopa kwamba mtu atapooza. Lakini sindano huingizwa chini kabisa, mahali uti wenyewe umekwisha. Maji hayo ndiyo yanayoonyesha ni ugonjwa gani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mwambieni daktari kama mgonjwa aliwahi kudhurika na penisilini. Mtoto aliyezaliwa juzi na ana macho ya manjano asidungwe dawa hii.

2. Malizeni siku zote alizoandika daktari, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kushuka kwa homa si kupona.

3. Msinunue sindano hii bila kupimwa. Kila dawa inapotumiwa ovyo, bakteria walio sugu ndio wanaobaki na kuzaana. Wengine wana kitu kama makasi cha kuikata dawa kabla haijawafikia mafundi. Wako tayari, hata hapa Kenya. Dawa ikishindwa leo kwa jirani, kesho itashindwa kwa mtoto wako.

YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Usiku mtu akizidiwa hapa kwetu, ni nani mwenye gari au pikipiki? Je, kikundi kinaweza kuweka akiba kidogo ya nauli ya hospitali? Kubalianeni leo, kabla ya usiku huo kufika.