Kamera ya Marehemu Mjomba

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeshuhudia chema kikikaribia kuuzwa kwa bei ya kibaya, kwa sababu tu sisi wenyewe hatukukijua.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga picha za arusi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Alipofariki aliacha kamera moja ndani ya mkoba wa ngozi, nao ukakaa juu ya kabati miaka na miaka. Majuzi mkewe, mkaza mjomba wangu, aliambiwa na daktari kuwa ana mtoto wa jicho na hana budi kupasuliwa. Zikapelea Sh. 25,000. Ndipo mkoba ulipoteremshwa.

Mchuuzi wa vitu vikuukuu aliitazama kwa jicho la pembeni, akasema ni kopo tu lililopitwa na wakati, atatoa Sh. 2,000. Jirani naye akaapa kwamba ile ni Rolleiflex, na thamani yake yajenga ghorofa.

"Mwanangu," mkaza mjomba akaniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Nimwamini yupi?"

Msomaji mpenzi, kamera sikuisomea, lakini hii naijua tangu utotoni. Ina macho mawili, moja juu ya jingine. La juu ni la kutazamia: sura huingia, ikagonga kioo kilichokaa mshazari, ikapanda hadi kioo cha juu, nawe ukainama kana kwamba wachungulia kisima. La chini ndilo lipigalo picha. Siku ya kwanza nilipochungulia nilistaajabu kuwaona watu waendao kulia wakielekea kushoto. Mjomba akacheka: "Wewe kila siku chuoni waanzia kulia, hili halitakushinda."

Basi nikaitoa mkobani, nikawasha tochi, nikaisoma kama nisomavyo waraka. Mbele imeandikwa Rolleicord. Kumbe jirani alipatia ukoo, akakosea jina! Zote mbili zilitengenezwa na Franke & Heidecke wa mji wa Braunschweig, Ujerumani. Rolleiflex ilitoka mwaka 1929, na Rolleicord ikafuata mwaka 1933, mdogo wake wa bei nafuu. Hata jina likifutika, zitazame ubavuni: Rolleiflex nyingi husogeza filamu kwa mpini wa kuzungusha, ilhali Rolleicord ina kifundo cha kusokota. Kofia ya juu nayo ilibanduka, ishara kuwa ni ile iitwayo Vb, ya mwisho katika ukoo wa Rolleicord, iliyotengenezwa kati ya 1962 na 1977. Hupiga picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6, kwa filamu ya 120 ambayo hadi leo yatengenezwa. Basi si kopo, wala si ghorofa.

Lakini kujua jina ni nusu ya kujua. Nilifungua mgongo, nikamulika tochi kupitia jicho la chini, nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Ni kuvu. Unyevu wa pwani na giza la mkoba wa ngozi ndicho chakula chake. Nikaiweka kwenye sekunde moja, nikafyatua; ikafunguka, ikasinzia, ikajifunga ilipotaka.

Kijana mmoja mpiga picha wa Nairobi alikubali kwa simu Sh. 28,000. Alipofika aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu, akaanza kuhesabu noti. Hakumulika ndani. Nami, nakiri, ulimi ulinata. Mwalimu wangu wa chuoni alitufunza kuwa mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake akaificha, pesa anayopokea si halali yake. Lakini jicho lililokuwa likingoja pesa zile halikuwa langu.

Nikaingia ndani nikamweleza mwenyewe. Hakufikiri sana. "Mjomba wako picha ya arusi ilipomharibikia, alirudisha pesa za watu. Nenda kamwambie."

Nikamwambia. Kijana akamulika, akanyamaza kitambo, akasema, "Mzee, usafishaji una gharama. Nitatoa elfu ishirini." Tukapeana mikono. Zile elfu tano tulichanga sisi wapwa.

Nawe msomaji, kama una mkoba wa namna hii kabatini, usikimbilie bei. Soma jina, tazama ubavu, mulika ndani, kisha sema ulichokiona. Ujuzi huo ndio uliotuepusha na mchuuzi wa elfu mbili, na ndio huo huo uliotukataza kuwa kama yeye.

Kabla kijana hajaondoka, mkaza mjomba aliomba achungulie mara moja. Akainama juu ya kioo, muda mrefu.

"Naona ukungu tu, wanangu. Sijui ni wa kamera au wa jicho langu."

"Yote mawili yanatibika, mama," kijana akamjibu, akamshika mkono kumrudisha kitini.